Mkono wa Mume wa Shangazi

Nilikuwa na miaka minane nilipoua mnyama kwa mara ya kwanza. Alikuwa paa mdogo, amenaswa mguu wa nyuma kwenye mtego wa waya, amezunguka na kuzunguka mpaka majani yote ya pale yakasagika. Baba alinipa kisu akasimama nyuma yangu.

"Usimuache anateseka," akasema. "Piga hapa. Mara moja."

Nilipiga mara tatu, kwa sababu nilikosa mahali. Baba hakunigombeza. Alinionyesha tena kwa kidole mahali penyewe pa shingo, akamfunga paa miguu kwa gome la mti, akamtupa begani, tukarudi kambini.

Ndivyo nilivyolelewa. Mama alikufa ningali nanyonya, na baba, badala ya kuniacha kwa ndugu, alinifunga mgongoni kwa kitenge cha mama akaingia nami porini, mwendo wa siku mbili kwa miguu kutoka mji mdogo wa Mutshatsha. Alichoma makala na kuwinda. Nilipokuwa na miaka kumi nilijua kupanga magogo, kuyafunika kwa udongo, na kuangalia moshi usije ukageuka moto ukala kazi ya mwezi mzima. Nilijua finkubala, wale viwavi tunaokausha na kuuza, hupatikana kwenye miti gani. Nilijua masuku, yale matunda ya porini, yameiva kwa kuyanusa tu. Watu niliowaona walikuwa wale waliokuja na baiskeli kuchukua makala, na sikuona haja ya wengine.

Kisha akaja shangazi, dada mdogo wa baba. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Alikuja kwa treni mpaka Mutshatsha, akatembea siku mbili na viatu mkononi, na alipofika kambini akanikuta nimekaa juu ya kichuguu, ninachuna ngozi ya panya-buku, damu mpaka kwenye viwiko. Akaanza kulia papo hapo.

"Yaya, huyu mutoto anakomea sawa nyani," alimwambia baba, maana kaka mkubwa alimwita yaya, na kukomea ni kukua. "Iko mwanamuke! Kesho ataolewa na nani, na nguruwe? Minamupeleka ku masomo."

Baba aliendelea kupanga magogo mpaka giza. Kesho yake asubuhi alinikunjia nguo zangu mbili na kuniambia, akimwonyesha shangazi, "Enda na mama yako." Nilidhani natumwa. Nilikuwa nimefika relini ndipo nilipoelewa kwamba hatanifuata.

*

Shangazi alikaa Dilala, mtaa wa Kolwezi, kwenye zile nyumba za matofali ambazo kampuni ya madini iliwajengea wafanyakazi zamani. Zote zinafanana. Wiki ya kwanza niliingia nyumba ya watu nikakaa jikoni kabisa, mpaka mwanamke mmoja akatokea na ufagio. Mchana walipolipua mawe mgodini, madirisha yakatetemeka, nami nikajitupa chini kifudifudi. Watoto wa jirani walicheka mpaka wakakaa chini. Baada ya hapo, kila nilipopita barabarani mmoja alipiga kelele "Buum!" na wengine wakajilaza.

Mume wa shangazi alikuwa dereva wa lori la kubeba mawe ya madini. Ni lazima niseme ukweli juu yake: ni yeye aliyeninunulia viatu vyangu vya kwanza. Aliniketisha kwenye kiti, akapiga goti, akanifunga kamba mwenyewe, akacheka jinsi nilivyotembea kama bata. Mikono yake ilikuwa mikubwa, inanuka mazutu, yale mafuta ya lori. Wiki nyingine angeweza kuwa mtu mzuri hivyo siku zote saba.

Shuleni waliniweka pamoja na watoto wa miaka minane. Magoti yangu hayakuingia chini ya dawati. Sikujua Kifaransa hata neno, na Kiswahili changu kilikuwa cha porini, kimechanganyika na Kilunda cha baba. Nilijaribu. Watu wakisikia habari hizi hufikiri sikujaribu. Nilisukwa nywele mpaka kichwa kikauma. Nilikariri je suis, tu es, il est huku ninachota maji. Niliacha kuchuchumaa, nikakaa kwenye viti. Nilijisugua kwa sabuni ya kufulia kwa sababu walisema ninanuka moshi, na wakaendelea kusema ninanuka moshi.

Siku moja msichana wa darasa la juu alinivua kitambaa changu cha kichwani akakikanyagia kwenye matope. Sikumtukana. Nilimkamata shingo kama ninavyokamata kanga, kidole gumba chini ya taya, nikaanza kubana. Alikuwa mzito kuliko kanga, lakini kazi ilikuwa ileile. Uso wake ukabadilika rangi. Mwalimu alinipiga fimbo mgongoni mara nyingi ndipo nikaachia.

"Huku hapana mu pori!" alifoka. "Hapa batu banaongea!"

Nilitaka kumuuliza mbona yeye hakuongea, alipiga fimbo. Lakini mwalimu alijibiwa kwa Kifaransa tu, na changu hakikutosha.

Tangu siku hiyo hakuna aliyenigusa, na hakuna aliyekaa karibu nami. Rafiki yangu alikuwa mmoja tu, binti wa shangazi, mkubwa kati ya watoto wake, mwenye miaka sita. Tulilala mkeka mmoja. Alipenda nimwambie habari za wanyama: nani anamla nani, anaanzia wapi. Habari hizo ndizo alizozitaka, wala hakuogopa. Alikuwa mtoto aliyeshtuka kwa vitu vingine: mlango kufungwa kwa nguvu, lori kuzimwa nje.

Kwa sababu lori likizimwa nje, tulinyamaza wote. Tulisikiliza hatua. Kwa hatua shangazi alijua kama atapigwa, na mimi baada ya miezi michache nilijua pia. Ilikuwa kama kusikiliza mnyama kwenye majani. Mara ya kwanza alipompiga mbele yangu nilisimama, na shangazi, amelala chini, akanipungia mkono nikae. "Acha," alisema baadaye, akijikanda shavu kwa maji ya chumvi. "Mambo ya bwana na bibi. Weye hapana kuingia."

Nilikaa miaka miwili bila kuingia.

*

Ilikuwa Jumamosi, mchana. Nilikuwa nje natwanga sombe, majani ya mihogo, kwenye kinu. Lori lilizimwa, zikasikika hatua, mlango ukabamizwa. Kosa lilikuwa nini sikujua, na sidhani shangazi alijua. Nilisikia kwanza sauti ya kitu kinachokata hewa, kisha sauti ya shangazi. Mumewe alikuwa anampiga kwa kebo ya umeme aliyoikunja mara mbili.

Kwa kawaida shangazi alilia kwa sauti ya chini ili majirani wasisikie. Siku ile alilia kwa sauti niliyoifahamu. Wanyama wote hulia hivyo mwishoni, wakubwa kwa wadogo. Sikuamua kitu. Nilijikuta sebuleni, mchi mkononi, majani ya sombe yanadondoka sakafuni.

Shangazi alikuwa amejikunja kati ya kabati na ukuta. Kebo ilikuwa imempasua sikio. Mume wake alikuwa amenipa mgongo, ameinua mkono wa kulia. Nilichagua mahali. Hilo ndilo nisiloweza kulisahau, kwamba nilichagua. Niliangalia ule mkono ulioinuka, nikaona pale kati ya kiwiko na kifundo, nikapiga kwa nguvu zangu zote.

Mfupa ulilia kama tawi kavu. Kebo ikaanguka. Aligeuka akanitazama, si kwa hasira, kwa mshangao, kama mtu aliyegongwa na kiti. Kisha akautazama mkono wake, umepinda mahali pasipo na kiungo, akaanguka kwa magoti. Niliinua mchi tena. Nilikuwa nimeshaona mahali pa pili, nyuma ya sikio.

Aliyenizuia ni shangazi. Alinirukia na damu yake usoni, akaninyang'anya mchi, akachukua mwiko wa bukari, ugali wetu, na kuanza kunipiga nao kichwani.

"Umemuvunja bwana yangu! Umemuvunja mukono!" Alipiga mpaka mwiko ukakatika. "Nani atalisha hawa batoto? Shetani! Toka! Toka mu nyumba yangu!"

Majirani walikuwa wamejaa mlangoni. Mmoja alisema waite polisi. Mume wa shangazi alikuwa anatapika sakafuni. Nilipita katikati ya watu, na walinipisha upesi. Nilikimbia mpaka soko, kisha nikatembea, kwa sababu pikipiki za abiria zilikuwa nyingi mno na kila dereva aligeuka kuniangalia damu inayotiririka kutoka kichwani. Usiku ule nilijibanza kwenye jengo la kanisa lisilokamilika. Sikulia. Nilikuwa nimefurahi. Ninaandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: nilikuwa nimefurahi kama nilivyokuwa sijafurahi tangu niache pori.

Asubuhi nilifika kwenye barabara ya kwenda magharibi. Mfanyabiashara mmoja Mwislamu, mzee mwenye kofia nyeupe, wa wale ambao wazazi wao walitoka mashariki, alikuwa anapakia lori lake chumvi na mitumba ya nguo. Aliniona nikizungukazunguka.

"Wewe mutoto, unaenda wapi na damu ku kichwa?"

"Kwa tata," nilisema, ndivyo nilivyomwita baba.

"Tata yako iko wapi?"

"Mu pori. Mbele ya Mutshatsha."

Mzee aliniangalia kidonda. Akamwaga maji ya kutawadhia kwenye sufuria, akaniambia ninawe uso, akanipa mkate. "Niko na binti sawa wewe," alisema. "Panda juu ya chumvi. Shikilia kamba." Hakuniuliza kingine njia nzima, na tulipofika Mutshatsha jioni alinikabidhi kwa mke wa mteja wake nilale pale. Sikupata kumshukuru vizuri.

*

Nilitembea siku mbili. Siku ya kwanza nilivua viatu, na nyayo zangu, zilizokuwa zimelainika Dilala, zilipasuka. Sikujali. Ndege niliwajua. Udongo niliujua. Kila nilipopita mtego wa mtu niliuangalia kama mtu anavyosoma vibao vya maduka.

Baba alikuwa anafunika tanuri. Alikuwa amekonda. Alinitazama kuanzia miguuni mpaka kwenye kidonda cha kichwa, akaenda kuleta maji. Nilimweleza yote huku nakunywa.

"Ulimumaliza?" akauliza.

"Hapana. Mukono tu."

"Ulikuwa na kasirani?"

"Ndiyo, tata."

"Basi ulifanya mubaya," akasema, na kurudi kwenye tanuri lake.

Nilidhani atanisifu. Nilikuwa nimetembea siku mbili nikisubiri kusifiwa. Nilikaa pale na kikombe mkononi, kisha nikakitupa kwenye majani.

Sikuweza kumpiga baba, wala kurudi Dilala kummaliza yule mtu. Nikawageukia wanyama. Nilinunua waya za breki za baiskeli kutoka kwa wachukuzi wa makala, kwa kubadilishana na finkubala, nikatega mitego, mingi kuliko mtu mmoja awezavyo kuizungukia. Kila asubuhi nilitoka na shoka. Nilichelewa kufika kwa mingine. Nilikuta paa waliooza, macho yametolewa na ndege. Nilikuta pongo aliyetafuna mguu wake mwenyewe mpaka mfupa, bado hai, akinitazama. Nilimuua, lakini si kwa haraka. Sitaeleza zaidi ya hapo.

Nyama ilituzidi. Nzi walijaa kambini. Baba alivumilia, kisha siku moja akaingia porini peke yake, akarudi na waya nyingi zimening'inia shingoni mwake. Alizitupa miguuni pangu.

"Hii hapana kuwinda," akasema. Sauti yake ilitetemeka, nami sikuwahi kuisikia ikitetemeka. "Unaua sawa yule bwana anapiga bibi yake. Minakukatalia. Usitege tena."

Maneno hayo yaliniuma kuliko mwiko wa shangazi, na kwa sababu yaliniuma sikuyatii. Nilikuwa na mtego mmoja alioukosa, kwenye bonde la mto, mahali penye matete. Huo niliuacha.

Siku ya nne au ya tano baba alishuka bondeni kutafuta gome la kufungia mizigo. Mimi nilimfuata nyuma na shoka. Sikumwambia. Nilikuwa nakusudia kumwambia. Nilijisemea tukifika kwenye ule mti nitamwambia, na tukaupita, nikajisemea kwenye ule mwingine.

Nguruwe wa pori alikuwa amelala ndani ya matete, jike kubwa, waya umeingia kwenye nyama ya mguu wa mbele mpaka hauonekani. Alikuwa amekaa hivyo siku nyingi. Hakulia. Baba alikuwa hatua nne kutoka kwake alipoinuka na kuvuta, na waya, uliokwisha kusagika, ukakatika.

Nguruwe hana pembe, na mtu asiyemjua humdharau. Alimpiga baba chini ya kiuno akamrusha, akamgeukia pale pale chini na kumpasua paja kwa meno, mara mbili, kichwa kikienda juu na chini kama mtu anayelima. Baba alijaribu kumshika masikio. Nilifika, nikampiga shoka mgongoni. Hakugeuka. Nikapiga tena, kwenye uti wa mgongo, miguu ya nyuma ikaanguka, naye akaendelea kujikokota kumfuata baba kwa miguu ya mbele, ukiwemo ule uliooza. Nikapiga kichwa. Nikapiga kichwa. Nilipiga mpaka hapakuwa tena na kichwa cha kupiga, na shoka likawa linagonga jiwe na kutoa cheche.

"Inatosha!" baba alikuwa anapiga kelele. "Amekufa! Amekufa, mwana! Niko natoka damu, nitazame mimi!"

Hapo ndipo nikasikia. Sijui alikuwa ameniita mara ngapi.

Paja lilikuwa limefunguka kama mfuko. Nilichana kitenge changu, nikalifunga juu ya kidonda kwa kijiti na kukizungusha mpaka damu ikapungua. Kisha nikauona waya wangu mkononi mwa baba. Alikuwa ameuokota. Aliuangalia, akaniangalia mimi, akauachia uanguke.

"Leta kinga," alisema. Ndivyo alivyoiita baiskeli yetu ya kusukumia makala.

*

Nilimfunga juu ya ile baiskeli kama gunia, kifua juu ya usukani, mguu umenyooshwa kwenye fito, nikasukuma. Sikumbuki njia yote. Nakumbuka kilima kimoja ambapo tairi lilirudi nyuma, nikaweka bega chini ya kiti na kubaki hivyo, siwezi kupanda, siwezi kuachia, na damu ya baba ikanidondokea shingoni, ya moto. Nakumbuka alianza kuongea na mama. Sikuwahi kumsikia akiongea na mama. Alimwambia, "Anafanana na wewe sura," kisha akacheka, na nikajua homa imeanza.

Wachoma makala wawili walitukuta njiani wakanisaidia kusukuma mpaka Mutshatsha. Kwenye kituo cha afya kulikuwa na muuguzi mmoja. Dawa ya kutia ganzi ilikuwa imekwisha. Alisema atasafisha na kushona hivyo hivyo, au baba afe, tuchague. Alihitaji watu wa kumshikilia.

Nilishika mabega. Muuguzi akamwita mwanamke aliyekuwa barazani ashike miguu, na mwanamke akaingia, na alikuwa shangazi.

Alikuwa amefika na treni siku mbili kabla, anatafuta mtu wa kumpeleka kambini. Jicho moja lilikuwa limefumba, jeusi. Kidole cha mwisho cha mkono kilikuwa kimefungwa kwa kijiti. Alinitazama, akaja moja kwa moja, akanizaba kofi. Kisha akazunguka meza, akashika miguu ya kaka yake, akamwambia muuguzi, "Anza."

Baba alipiga kelele tangu mwanzo mpaka mwisho. Shangazi hakumtazama baba; alinitazama mimi, juu ya mwili wake, kwa lile jicho moja, na alipoongea aliongea taratibu kana kwamba tuko jikoni.

"Ulimuvunja mukono wa kuume," alisema. "Sasa ananipiga na wa kushoto. Na wa kushoto hauna akili, hajui kuupima. Unasikia? Na wa kuume alikuwa anapima."

Nilikaza mikono mabegani mwa baba. Sindano iliingia, ikatoka. Baba akazimia, nasi sote watatu, pamoja na muuguzi, tukashusha pumzi.

Jioni tulikaa barazani. Shangazi aliniletea bukari na samaki wa kukaanga, akanimegea kama mtoto kwa sababu vidole vyangu vilikuwa vimevimba visikunjike. Alipapasa kovu kichwani mwangu, pale mwiko ulipopasua.

"Ninakuja kukuchukua," alisema. "Bwana anasema urudi, uombe musamaha mbele ya batu. Njo ataacha kunipiga."

"Hataacha, mama."

"Najua."

"Basi baki."

"Batoto yangu iko kule," alisema, akaendelea kumega.

Alikaa siku kumi, mpaka baba alipoweza kuketi. Kisha akapanda treni ya kurudi. Nilimsindikiza stesheni, na nilijua anarudi kwenye nini, naye alijua. Nilimsihi. Nilifika hata kumwambia nitakwenda naye na kuomba huo msamaha. Akasema hapana, nikienda mimi atakufa mtu, na hakumtaja nani.

*

Baba hakuwinda tena. Alitembea kwa fimbo, na kwa sababu kambi ilikuwa mbali na kituo cha afya tulisogea karibu na Mutshatsha, pembeni kabisa, mahali miti inapoanzia. Nilibaki naye hapo mpaka alipokufa kwa homa. Kuhusu waya hakuniuliza hata siku moja. Nilijaribu kuanza habari hiyo mara moja tukipalilia mihogo, akaniambia nimpitishie jembe.

Niko hapo mpaka leo. Nalima, nakausha finkubala na uyoga, msimu wake naongoza wanawake wa mjini wanaokuja kuokota. Naweza kukaa siku tatu porini bila kuona mtu na kurudi nimepumzika. Wanyama wamebaki wachache. Wachimbaji wanaoshindwa migodini huja na misumeno, na miti ninayoijua inakwenda Kolwezi ndani ya magunia. Sitegi. Kuku nachinja, na kama yupo mtu mwingine humwomba achinje yeye.

Shangazi alivumilia miaka minne zaidi. Mkono wa mumewe uliunga vibaya, akapoteza kazi ya lori, akaenda kutafuta maisha Kisenge na hakurudi. Hatujui kama yu hai. Shangazi anauza samaki sokoni Dilala na sikio lake limekunjamana juu, pale kebo ilipopita. Tunapigiana simu. Tunaongea bei na mvua.

Mwaka jana binti yake alikuja kunitembelea, yule wa mkeka mmoja. Ni mtu mzima sasa, anasuka nywele za watu Kolwezi na ana mtoto tumboni. Tulikuwa tunachambua uyoga aliponiuliza kama ninajutia ule mkono. Nilimwambia ukweli. Nilimwambia nilichagua mahali pa kupiga, na kwamba nilifurahi, na kwamba furaha ile ndiyo iliyonifanya nitege mitego na kumpasua baba paja, na bado ninaiogopa. Nilimwambia pia ilimzidishia mama yake mapigo.

Aliendelea kuchambua. "Mi nilikuwa nyuma ya mulango," alisema. "Nilisikia ule mufupa. Siku ile, mara ya kwanza mu maisha yangu, nililala mpaka asubuhi."

Mikono yake haikusimama. Nilitaka kumwambia asiseme hivyo, kwamba si jambo la kulalia usingizi. Alikuwa na miaka minane. Nilimtazama, tumbo lake limegusa magoti, nikaona hana haya wala kisasi usoni, ananieleza tu habari ya usingizi.

"Yule bwana yako," nilimuuliza, "anakupiga?"

"Alijaribu mara moja."

"Ukafanya nini?"

"Nilichukua bitu yangu, nikatoka. Alikuja kunifuata kwa mama, nikakataa. Akakuja tena na wakubwa yake, nikarudi. Sasa anaogopa."

Akaupuliza uyoga mmoja vumbi, akautia kwenye beseni, akaniuliza kama huu nao unaliwa. Nikamwambia huo hauliwi, autupe mbali, anawe mikono.